Kigae Kinacholia

Miaka thelathini na minne nimepiga magoti
mjini Moshi, si kwa sala,
kwa vigae:
mabafu ya hoteli za wapanda mlima,
sebule za wenye pesa zao,
baraza la usharika mmoja huko Uru
walikonilipa nusu taslimu, nusu baraka.

Goti la kulia likatangulia kustaafu.
Kabla ya kuniwekea jingine
daktari alinionyesha mfano wake kiganjani:
chuma juu, chuma chini, katikati plastiki
nyeupe kama nyama ya nazi,
na chuma kinagandishwa mfupani kwa saruji.
"Saruji?" nikamwuliza. "Ya mfuko au ya kopo?"
Wanafunzi wake wakacheka. Yeye hakucheka.
Akanipa sharti: ukishapona, mwiko kupiga magoti.
Mwiko! Neno lile lile lililonilisha
sasa linanifukuza kazi.

Miaka tisa nilitembea.
Nilishuka Kibosho na mkungu wa ndizi begani,
na mlima haudai ukipanda,
hudai ukishuka, hatua kwa hatua, pamoja na riba.

Halafu masika ya mwaka huu
likaanza jambo dogo.
Nikiinuka kitini, hatua tatu za kwanza ni moto,
ya nne maumivu yananyamaza
kama mdai aliyesikia komeo likifunguliwa.

Daktari wa sasa ni binti, Naserian,
anavaa raba, anaongea polepole.
Aliiweka picha kwenye mwanga:
kati ya saruji na mfupa, mstari mweusi
mwembamba kuliko alama ya penseli ya seremala.
Hakuhitaji kunieleza. Mstari ule naujua.
Kigae kilichoshika, ukikigonga, kinasema ti, basi.
Kilichoachia kinalia ko, ko, kama debe,
na mwenye nyumba hana habari,
anapiga deki juu yake miaka.

"Nani kaharibu?" nikauliza,
maana sisi mafundi swali letu ni hilo moja.
Akasema huenda hakuna.
Plastiki inasagika. Kila hatua inaacha vumbi
lisiloonekana kwa jicho.
Askari wa mwili wanalimeza, haliyeyuki,
wanaitana, wanapandwa na hasira,
wanaanza kuula mfupa wenyewe.
Wanabomoa ukuta wakimsaka mwizi.
Au ni vijidudu; ndiyo maana amevuta maji kwa sindano,
nisubiri wiki mbili.
Au liliwekwa nyuzi tatu nje ya mstari tangu mwanzo.
Nyuzi tatu! Mimi kwa uzi mmoja uliolegea
nimewahi kubandua sebule nzima.

Kurudia, anasema, ni kazi kubwa kuliko kuweka.
Saruji ya zamani huchokolewa kwa patasi,
na mfupa ulioliwa haurudi kwa kubembelezwa.
Fundi yeyote angekwambia, bila digrii:
kubandika ni siku moja, kubandua ni kilio.

Kitu kimoja sikumwambia.
Mke wangu Aikaeli, pale benchini, alinikanyaga
mguu ule mzima, niseme. Nikaangalia dari.
Ni jiko la Ndeshi, kitinda mimba wetu, kule Pasua.
Fundi aliyemleta alikuwa anaweka vigae
kama mtu anayegawa karata.
Nikamfukuza. Nikakunja gunia, nikapiga magoti
siku mbili na nusu, juu ya chuma.

Jana nililala kwake. Usingizi haukuja.
Nikachukua mpini wa nyundo, nikaketi kwenye kigoda,
nikagonga kimoja kimoja
tangu mlangoni hadi chini ya sinki.
Ti. Ti. Ti.
Vyote sitini na nane vimeshika.

Ndeshi akatoka na tochi ya simu.
"Baba, unatafuta nini?"
Nikainuka nimjibu.
Moja.
Mbili.
Ya tatu nikashika sinki.