Hesabu Nyuma ya Bahasha

Kwanza elewa ukubwa wa chombo chenyewe:
besi haibebwi, besi husindikizwa.
Hulazwa garini kama mgonjwa,
shingo katikati ya viti viwili,
na mimi kila nikibadili gia naiomba radhi.

Mimi ni dereva wa gari la kusukuma theluji, hapa Duluth.
Novemba hadi Aprili nafungua barabara
ambazo usiku unazifunga tena.
Muziki siujui. Najua mlio wa injini
inapokaribia kulalamika,
na mlio wa binti yangu Taimi, chumba cha chini,
akirudia mistari minne ile ile
hadi vikombe kabatini vikaikariri.

Februari tuliendesha siku mbili hadi Philadelphia.
Jengo la mawe, ngazi nyingi, lifti mbovu.
Tuliipandisha besi kama jeneza la mtu mnene,
tukicheka, kisha hatukucheka.
Ukumbini vijana walikumbatia vyombo vyao
kama watu wanaosubiri majibu ya daktari.
Hakuna aliyemtazama mwenzake.
Walimpa dakika kumi. Zilimtosha nane.
Nilisimama nje ya mlango, kofia mkononi,
nikamsikia mtoto nisiyemfahamu:
sauti kama barafu ya ziwa inapopasuka Aprili,
inayokufikia miguuni kabla ya masikioni.

Machi, Iowa. Mwendo wa saa saba kuelekea kusini,
mabua ya mahindi yametokeza thelujini
kama ndevu za juzi.
Mwalimu, Bi Tolbert, alitushikia mlango mwenyewe.
Alimsikiliza Taimi hadi mwisho, akanyamaza, akasema:
"Bega lako la kulia linaogopa kitu. Tukitafute."
Wakakitafuta saa nzima.
Kijana mmoja akabisha hodi kuomba ulimbo wa upinde,
akapewa, akaketi, hakuondoka.

Barua zilikuja wiki moja.
Zote zilisema ndiyo,
ila ile ya Philadelphia ilikuwa ndiyo yenye mkia,
na mkia huo ulikuwa na sufuri nyingi.
Iowa walisema: tutalipa karo, mlete na hamu yake ya kula.

Usiku nilipiga hesabu nyuma ya bahasha ya umeme.
Mshahara. Zamu za ziada. Ile mashua ya marehemu kaka yangu,
ambayo hakuna anayeinunua.
Nikajumlisha, nikajumlisha tena,
kama vile namba huona haya ukizikodolea macho.
Bahasha nikaificha chini ya droo ya visu.

Sikumwambia neno. Nani mimi
nimpimie mtoto sauti yake kwa kilo?
Lakini ukimya nao una uzito,
na yeye ana masikio, ndiyo kazi yake.

Mei mosi, saa tano usiku, siku ya mwisho.
Hakupiga muziki. Aligusa uzi mmoja tu,
ule mnene kuliko wote,
akauacha uishe wenyewe.
Kisha akapanda ngazi: "Iowa, Baba."

Nilingoja furaha. Ikaja nusu.
"Ni kwa sababu ya pesa?"
Akafungua friji, akaisemesha friji:
"Philadelphia nilipiga vizuri kuliko siku zote.
Nilipomaliza, walisema asante, anayefuata."
Akanywa maziwa kwenye paketi, kitu alichokatazwa tangu utotoni.
"Bega bado linaogopa. Nataka kujua nini."

Huenda ni kweli. Huenda ni zawadi
iliyofungwa vizuri nisione bei.

Juni, nikitafuta kisu cha mkate, niliiona bahasha.
Chini ya jumla yangu, kwa penseli, mwandiko wake:
*Umesahau bima ya besi.*
Na tarehe. Ya Machi,
siku tatu kabla hatujaenda Iowa.