Zimeni Taa

Pijo la marehemu Chilumba halikuumwa mchana.
Saa sita, jua limeshakunywa ukungu wa Newala,
ufunguo nusu tu, linanguruma.
Alfajiri sasa, magunia ya korosho yamepangwa nyuma
na ghala la chama linapokea kwa foleni,
stata inazunguka, inazunguka,
kama mtu anayekohoa asitoe kitu,
mpaka Asumini anashuka, anajifunga kanga upya,
anatuita tusukume.

Kila mtu alikuwa na lake.
Dereva wa lori la Tandahimba: betri hiyo.
Asumini akakopa kwa dhamana ya korosho, akanunua betri.
Mjomba mtu: koili.
Ikaja koili kutoka Masasi, imeviringishwa gazetini.
Jirani hakusema. Alitazama tu kaburi ng'ambo ya njia,
na kutazama kwake kukazunguka mtaa kabla ya adhuhuri:
Chilumba hataki gari lake lishikwe na binti.

"Gari halinuni," fundi Nantende aliniambia.
"Linataka hewa, mafuta, na moto unaofika kwa wakati.
Tutaliuliza moja moja.
Majibu ya dukani yamemtia deni huyu dada."

Akachomoa plagi ya kwanza: imelowa, inanuka petroli.
"Chakula anacho. Kiberiti ndicho hana."
Akailaza juu ya chuma cha injini, waya kichwani.
"Piga."
Nikapiga. Cheche ikaruka, buluu, nene,
tena ikalia ta! ta! ta! bila aibu.
Ilikuwa saa tano na nusu, jua kali.

Tukafungua distributa.
Platini zilikuwa na vipele, tukazipitishia msasa,
tukapima uwazi kwa ubavu wa kasha la kiberiti
maana geji iliazimwa Kitangari, haijarudi.
Kondensa nzima. Rota nzima.
Likawaka, likatucheka.
Mgonjwa gani huyu, akimwona daktari anapona?

"Litalala hapa," akasema Nantende. "Na sisi pia."

Saa kumi usiku ukungu ukapanda kutoka bonde la Ruvuma,
ukakaa juu ya bati, ukaanza kudondoka.
Asumini alikuja na chupa ya chai.
"Zimeni taa."
Tukazima ya karakana. Tukazima simu.
Mlinzi akaambiwa aikanyage sigara yake.
Giza, hata mkono wangu sikuuona.
"Piga."

Nikapiga, shingo nimeitoa dirishani,
na chini ya boneti iliyoachama nikaona
tandu wa nuru akitambaa juu ya kifuniko cha distributa,
anashuka ubavuni penye unyevu,
anazama kwenye chuma, anapotea,
anarudi tena kila stata ilipozunguka,
na plagi nne zinasubiri bure.
"Moto upo," Nantende akanong'ona.
"Unaibwa njiani."

Ufa. Mwembamba kuliko unywele wa kichanga.
Usipouziba utajenga ukuta, tunaambiwa,
ila hatuambiwi uzibwe na nini.
Asumini akapekua mkoba, akatoa rangi ya kucha,
nyekundu, iliyobaki harusi ya mdogo wake.
Nantende akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu.
Akakikausha kifuniko juu ya jiko la mkaa, kwa mbali,
akaupaka ufa taratibu, kama anapamba mwari:
mkono mmoja, subiri, mkono wa pili.
Kipya kingeletwa na basi la Dar, wiki ijayo, Mungu akipenda.

Kabla ya saa kumi na mbili likawaka,
ukungu bado umetanda hadi kwenye matairi.
Alipofika kwa jirani, Asumini alipunguza mwendo,
akapiga honi moja, fupi,
akaenda zake ghalani.

Deni la betri lilikwisha mnada wa tatu.
Koili ya zamani, ile iliyokuwa nzima siku zote,
ninayo rafuni mpaka leo.