Sema

Nyumbani kwetu, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
neno "unga" lilifukuzwa kabla hajafukuzwa mtu.
Mama, mkaanga maandazi tangu sijazaliwa,
alianza kumtuma mtoto dukani akalete "ngano".
Ngano kilo mbili, mwanangu, na hamira.
Mwenye duka akaelewa. Mtaa ukaelewa.
Mama alikuwa na wateja wake, wa alfajiri, wenye vikombe;
sisi tukapewa teja mmoja,
herufi imekatwa mbele, na mtu kakatika nayo.

Mbaruku. Fundi baiskeli.
Ringi iliyopinda aliizungusha karibu na sikio
akajua spoku ipi inalalamika.
Kete ya kwanza alipewa bure.
Ya pili, mkopo.
Ya tatu ilikuja yenyewe kumwamsha.

Daftari la mahesabu ya mama nililigeuza,
nikaandika kutoka nyuma:
pasi ya mkaa.
Sufuria kubwa, na mfuniko wake.
Redio ya marehemu baba. Betri aliziacha, sijui kwa nini.
Kichwa cha cherehani.
Baiskeli ya mwalimu Semhando, iliyoletwa kufungwa breki.
Kanga ya mama, doti nzima, haijapindwa.

Mfungieni, majirani walisema. Siku tatu, atakoma.
Mama akaufunga ufunguo kwenye pindo.
Ikaanza miayo, ya mtu asiye na usingizi.
Makamasi. Ngozi kama ya kuku aliyenyonyolewa.
Kisha mifupa: kuna mtu, alisema,
anakaza nati zangu moja moja, na hajui kuacha.
Arosto. Nilikuwa nimelisikia neno kwa wahuni tu.
Aliniita jina langu la utotoni,
lile nililomkataza.
Siku ya tatu hakukoma.
Siku ya tatu alivunja dirisha.

Tunu alikuja bila kualikwa.
Akaegemeza baiskeli, akala andazi, akalilipia.
Meno mawili ya mbele hana.
"Mimi," alisema, "nilimwibia mama yangu sanda.
Ile aliyojiwekea sandukuni."
Mafuta yalichemka, mama hakutia kitu.
"Huu ni ugonjwa, bi mkubwa. Kofuli haliujui.
Una kliniki, una foleni, na hawaulizi pesa.
Nipeni huyo kijana kesho, akiwa amelala au ameamka."

Bombo wakampima damu, wakampima makohozi,
wakamwuliza ni nani atakayekuja naye.
Nikanyosha mkono kama mwanafunzi.

Dawa ni ya maji, kikombe kidogo, chungu.
Humezwa mbele ya muuguzi Shekalaghe,
naye akishapokea kikombe husema: Sema.
Sema lolote, nijue mdomo ni mtupu.
Wengi husema asante.
Kuna bodaboda mmoja, kila siku, "Coastal!"
Mbaruku alisema: "Pasi."
Kesho yake: "Sufuria."
Muuguzi akacheka, akadhani mzaha wa mafundi.
Mimi nilirudi nyumbani nikafungua daftari kwa nyuma.
Hajawahi kuliona, Mungu shahidi,
na alikuwa anafuata mistari.

Kwenye redio alikwama. Siku nne alisema "re",
muuguzi akasubiri, foleni ikasubiri.
Siku ya tano hakuja, wala ya sita.
Tunu alimtoa maskani, nyuma ya ghala la katani,
na hakumtukana. Wakaanza upya, kwa dozi ya chini.
Mimi nilitukana. Nimeshamwomba radhi.

Leo, mwezi wa saba, sijui kesho.
Yuko barazani, gurudumu sikioni.
Mama kachungulia kutoka jikoni:
"We mtoto, kimbia, unga kilo mbili!"
Mtoto akasimama mlangoni, ananitazama mimi.
"Unga," mama akarudia, "wa maandazi. Kwani vipi?"
Gurudumu halikusimama.
Kuna spoku moja inalia, nasikia hata mimi.
Anaitafuta.