Swali la Usiku

Jolayne amesema: usiuze. Uliza.
Husema hivyo kila Jumatatu, uso wake umejaa skrini,
nyuma yake rafu nyeupe na ua moja lisilonyauka.
Posti tatu kwa siku. Ya alfajiri iwe na machozi kidogo,
ya mchana iwe na watoto,
ya usiku iwe na swali.
Jibu kila maoni kabla saa haijaisha;
mtandao ni kama jiko, humpenda anayechochea.
Na chupa isionekane. Wakiiona chupa, watakimbia.

Juu yangu yupo Jolayne. Juu ya Jolayne yupo Kimball Stucki.
Juu yake kuna mtu mwenye boti ambaye sijawahi kumwona.
Chini yangu hayupo mtu.
Chini yangu kuna chumba cha chini ya nyumba
na makasha arobaini na moja ya mafuta ya lavenda
kando ya mashine ya kufulia.
Mume wangu Darrell hupita ubavu kwenda kuwasha tanuru.
Hasemi kitu. Hupita ubavu tu.

Nimejaribu. Januari hii, hapa Logan, theluji imefika kwenye sanduku la barua,
nimepiga picha kikombe, nimepiga picha soksi,
nimepiga picha kiganja changu kimekinga mwanga wa dirishani.
Waliopenda: watatu. Dada yangu wa Pocatello,
shangazi LaVon, anayependa kila kitu hata matangazo ya vifo,
na mwanamume asiye na uso anayeuza dawa ya upara.
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza;
mimi nimejitembeza hadi kidole gumba kimeota sugu.

Jana usiku nikauliza:
Harufu gani hukukumbusha mama yako?

Nikaenda kuosha vyombo. Niliporudi
simu ilikuwa ikizunguka mezani kama mende aliyelala chali.
Mia mbili kumi na nne.
Pasi ya moto juu ya kitambaa chenye unyevu.
Klorini, mama alifundisha kuogelea.
Sigara na mnanaa. Alidhani hatujui.
Maganda ya viazi.
Na Reed Tolman, niliyesoma naye miaka sita bila kunisemesha:
Hakuna. Alikufa siku niliyozaliwa.
Lakini asante kwa kuuliza.

Saa nne Jolayne akapiga, anahema kwa furaha.
Sasa! Samaki mkunje angali mbichi.
Ingia inboksi, mmoja mmoja,
waambie lavenda hurudisha kumbukumbu.

Nikaandika: Habari, Reed.
Nikafuta.
Nikaandika tena, nikafuta tena habari.

Mama yangu yu hai. Yuko Smithfield, maili saba tu.
Hakujibu swali. Alininyamazisha mtandaoni tangu Septemba,
alikiri mwenyewe, akikata keki:
Mwanangu, umekuwa kama redio ya jirani.

Sawa. Lakini ninaye mteja mmoja asiyekosa.
V. Ipsen, sanduku la posta, Smithfield.
Chupa mbili kila mwezi, hana swali, hana lalamiko.
Mikutanoni humtaja kama ushahidi.

Leo nimeenda kwa mama kumbadilishia balbu ya stoo.
Nyuma ya mitungi ya pichi, chupa thelathini na nane,
zimesimama safu kama watoto wa kwaya,
vifuniko havijaguswa.
Ipsen ni ukoo wa babu, baba yake mama. Nilijua.
Nilijua muda wote, kama mtu anavyojua
ni ngazi ipi hulia usiku, akairuka.

Alisimama nyuma yangu ameshika balbu.
"Inaniuma kichwa," alisema. "Ile harufu."
Kisha: "Panda basi, giza linaingia."

Jolayne anauliza swali la leo ni lipi.
Vidoleni nina vumbi la stoo. Nimelinusa.
Nimemwandikia Reed: Kwangu mimi ni pichi, na kutu ya vifuniko.
Sikuweka bei.
Simu nimeiacha chumba cha chini, juu ya makasha,
inatetemeka huko peke yake.