Hema la Pili, Busia

Saa moja asubuhi. Malori yamelala foleni hadi kituo cha mafuta,
madereva wanapiga mswaki, wanatema kando ya magurudumu,
nami nafungua hema: meza, mzani, kisanduku cha barafu,
vikopo hamsini vya makohozi.
Beji yangu inasema Emojongo. Ni Emojong.
Wameahidi nyingine tangu Machi.

Wanaingia mmoja mmoja kutoka upande wa pili wa lango,
nami nauliza ninachotakiwa kuuliza.
Unakohoa zaidi ya wiki mbili?
Umepungua mwili?
Unatokwa na jasho usiku?
Juzi mzee mmoja alinicheka, cheko kavu, lisilo na mate:
"Mwanangu, kule nilikotoka, asiyetokwa na jasho usiku
ni yule aliyekwisha kuzikwa."
Nikatia alama kwenye NDIYO.
Hakuna kisanduku cha tatu.

Leo ni mama kutoka Beni, na wavulana wawili,
na kifurushi mgongoni, kitenge cha samaki wa buluu.
"Habari ya asubuhi, munganga."
Mara ya kwanza kuitwa hivyo nilikana:
sipigi ramli mimi, sina hirizi wala mkoba wa ngozi.
Siku hizi naitika. Kiswahili chao na chetu ni ndugu
waliolelewa mmoja kwa mama mkubwa, mmoja kwa mama mdogo,
wanafahamiana kwa paji la uso,
wanabishana majina ya vyungu.

Jina? Kahindo.
Watoto? "Babili. Huyu Kambale, huyu Kasereka."

Nazungusha utepe kwenye mkono wa mdogo.
Unasimama kwenye manjano,
sentimita kumi na mbili kasoro kidogo.
Si nyekundu. Nashukuru kimoyomoyo kwa manjano hiyo
ambayo, ingekuwa ya mwanangu,
ningekimbia nayo Alupe bila viatu.

"Mama, tua mzigo, upande kwenye mzani."
Hasikii. Narudia. Anasikia, ila hataki.
Mara ya tatu anautua
kama anayelaza mtoto mwenye usingizi mwepesi,
fundo linalegea,
pachungulia kiatu cha shule, cheusi, kimepigwa rangi,
namba thelathini na sita labda.
Natazama miguu ya Kambale.
Haijafika thelathini.

Ndipo hesabu inaponijia.
Miaka minne hemani nimefunzwa na wageni wangu:
kwa Wanande jina la mtoto ni nafasi yake kwenye foleni.
Kasereka humfuata Kambale.
Kambale humfuata Paluku.
Fomu inauliza: IDADI YA WATOTO ULIOKUJA NAO.
Wawili, nimeandika.
Ni kweli. Ni kweli tupu, na kalamu inaniwasha vidole.

Simuulizi.
Barafu ya chanjo ya surua inayeyuka, watu wamefika hadi chooni,
na mimi ni mtu wa kifua, joto na uzito.
Bibi yangu alivuka hapa hapa akitoka Tororo
na kuku wawili kapuni na kikohozi cha miaka,
akaulizwa tu kama kuku ni wa kuuza.

"Kilo arobaini na nne."
Kahindo anautazama mshale wa mzani
kama mtu aliyepunjwa sokoni.
Anakiinua kifurushi, anakaza fundo, mara mbili.
"Iko mingi kuliko ile," ananiambia.
"Andika mingi kuliko ile, munganga."

Nampa kikopo.
Namwonyesha nyuma ya hema, kwenye upepo:
simama pale, vuta pumzi ndefu,
kisha kohoa kutoka chini kabisa, usitoe mate matupu.
Anaenda na mzigo wake.
Kupitia turubai namsikia anavuta pumzi,
anavuta,
bado anavuta,
na wavulana wameacha kucheza na mzani,
nami nimeshika kalamu, nimeizuia yangu.