Kiraka cha Mninga

Nakiete wa Makumbusho kaileta Keko
imeviringishwa blanketi kama mgonjwa,
akailaza benchini, kando ya kitanda cha mteja
na makabati mawili yasiyolipiwa.
"Kitako kimepasuka. Tafadhali, usipake vanishi."

Mtutu mfupi, mnene, wa pembe nane.
Nikachungulia mdomoni kwa tochi ya simu:
mifereji saba yajisokota polepole kwenda gizani,
imechongwa kwa mkono, mmoja baada ya mwingine,
na mtu aliyejua kuwa risasi ikizunguka
haipotei njia.
Gumegume hii si ya kutishia watu forodhani.
Ni ya msituni, ya kungoja paa mmoja asubuhi nzima:
kifyatulio cha nyuma unakivuta kwanza,
cha mbele kinabaki kusubiri pumzi tu.

Ubavuni mwa kitako, kisanduku.
Kifuniko cha mti, chateleza kama droo niliyoipiga sabuni.
Humo vilikaa vitambaa vya mafuta, nguo ya risasi.
Sasa harufu tu, na bawa la mende.

Mti wenyewe mjozi. Sijawahi kuuchonga.
Nikapitisha kidole pale shavu la mwindaji huegemea:
patasi iliteleza hapa, zamani sana,
na yule Mjerumani akaificha kasoro
kwa kuchonga jani.
Nikacheka peke yangu.
Jani hilo nimelichonga vitanda vingapi!

Halafu nikaona kiraka.
Chini, karibu na chuma, urefu wa kidole gumba.
Nikakwaruza kidogo, nikanusa.
Mninga.

Kumbe ilishapita mikononi mwetu.
Bwana mmoja alishuka nayo, urithi wa babu yake,
ikamponyoka ngazini; mtu akaitwa uani,
akapewa siku mbili,
akalipwa hela, zile hela zenyewe.
Nyuzi za mninga kazifuatisha za mjozi
hata jicho hupita bila kujikwaa.

Kwenye lebo ya Nakiete:
Mtengenezaji, herufi mbili zilizolika.
Mmiliki, jina refu lenye cheo.
Wa kiraka hana hata mstari mtupu.

Umeme ukakatika, randa ya jirani ikanyamaza.
Nikachemsha gundi kwa mkaa.
Ufa niliuziba. Kiraka sikukigusa,
ila nta, mara mbili.

Kwenye risiti nikaandika:
Kazi ya mafundi watatu, malipo ya mmoja.
Nakiete akaisoma, akairudia,
akaniuliza kama nina mhuri.