Lita Mia na Themanini

Kabla ya kioo, kabla ya mchanga,
nilifungua daftari la chama, kurasa za nyuma,
nikaandika kwa tamaa ya mtoto wa siku ya Idi:
vitatange wawili, kangaja wa buluu,
bunju mmoja wa kufutukia wageni,
na yule mwekundu mwenye mishipi myeupe
nisiyemjua jina. Nikamchora tu.

Swabir akasoma begani kwangu.
"Wakaa Tudor, dada. Ukikohoa dirishani
bahari yakuitikia. Waitakiani tena ghorofani?"
Sikumjibu. Nilikuwa napima ukuta
kutafuta pale boriti ipitapo,
maana lita moja ni kilo moja, na mawe hayajaingia,
na mwenye nyumba hajaambiwa.

Fundi Kitsao wa Mwembe Tayari alikata kioo,
akaniuliza, "Ni samaki wa kula?"
"Wa kutazama."
Akaongeza mia mbili kwenye bei.

Maji ya hori yana mafuta na mambo mengine;
ya kisima, hata chai huyakataa.
Basi Mulwa akapandisha madumu tisa ya maji matamu,
ngazi hamsini na moja, dumu kwa dumu,
kisha akakaa kizingitini kupumua
akaniona nafungua mfuko nayatia chumvi.
Hakusema kitu. Alihesabu pesa zake,
akanirudishia za dumu la mwisho.
Hakutaka kushiriki.

Nikatia kamba mmoja mbichi, nimwache aoze.
Ndivyo inavyoanza: uozo kwanza,
halafu vijidudu visivyoonekana
vije kuula, vizaane, vikae mawenini.
Wiki ya kwanza, mawe na maji.
Wiki ya tatu, mawe, maji, na ukungu wa kahawia.
Bi Nuswaiba wa chini akaja kuona,
akainama, akazunguka, akavua miwani.
"Umefuga maji?"
Nimefuga maji, Bi Nuswaiba.

Kila usiku matone matatu kwenye kichupa,
na kila usiku kijani, kijani, kijani.
Siku ya arubaini, kama mzazi anayeruhusiwa kutoka,
kichupa kikawa manjano ya ndimu iliyoiva.
Nikamwamsha Swabir. Akaniambia nilale.

Ndipo nikarudi kwenye orodha na kalamu nyekundu.
Kitatange atakula matumbawe: nikamkata.
Kangaja ataka uwanja, mimi nina kiambaza: nikamkata.
Bunju akichukia hutoa sumu. Nilimkata polepole,
kwa huzuni, kama anayefuta namba ya simu.
Wakabaki wawili wa mishipi
na konokono wa kulamba vioo.

Stima zikapotea usiku wa Kaskazi, saa nne.
Sikuwa najua kimya cha pampu kina uzito gani.
Hewa haikutikisika. Wale wawili wakapanda juu,
midomo nje, wakimeza kitu kisichokuwepo.
Nikashuka kuomba mshumaa.
Bi Nuswaiba akapanda na mshumaa na kata ya kifuu,
akakunja mikono ya dera,
akaanza kuchota na kumwaga, kuchota na kumwaga kwa juu,
kama anayepoza uji wa mjukuu.
Tukapokezana. Akanisimulia ndoa yake ya kwanza, yote.
Stima ziliporudi, saa nane na robo,
alikuwa hajafika kwenye talaka.

Sasa kuna mstari wa kalamu kiooni.
Kila asubuhi maji yako chini yake, upana wa ukucha.
Chumvi haiendi popote; maji ndiyo yaendayo.
Natia vikombe viwili, matamu, basi.
Mulwa huleta dumu kila Ijumaa na hakawii kuondoka,
ila kwanza huchungulia yule mkubwa,
aliyempa jina Karani,
kwa kuwa hutoka, hukagua, hurudi ndani.
Lile dumu la tisa
mpaka leo hakubali nilipe.